Msaada wa kisheria wa bure kwa mfanyabiashara mdogo Dodoma: unaanzia wapi, unabeba nini, unagonga mlango gani

Ukimuuliza mama ntilie wa Sabasaba au kijana mwenye fremu ya simu pale One Way kuhusu msaada wa kisheria wa bure, wengi watakwambia huo ni wa mambo ya ndoa, mirathi na viwanja, sisi wa biashara inabidi tutafute wakili na wakili ni hela. Si kweli kabisa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haikuulizi unauza nini, inachoangalia ni kama kipato chako kinatosha kumlipa wakili binafsi au hakitoshi, basi. Sasa mtu anayezungusha mtaji wa laki tatu, akitoa pango, ushuru na ada ya watoto hamna kinachobaki, huyo anaingia humo hata kama ana kibao cha duka mlangoni.

Tatizo ninaloliona mimi ni jingine. Watu wanafika kwenye huo msaada wakiwa wamechelewa na hawana karatasi hata moja mkononi, alafu wakirudi nyumbani wanasema wale watu hawasaidii. Mshauri wa bure hana muda wa kukufanyia upelelezi, ana foleni nje, kwahiyo kazi kubwa unaifanya mwenyewe kabla hujapanda daladala. Nimepanga hatua hizi kwa mtindo huo, ofisi zenyewe zinakuja baadaye kidogo, usiruke.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kwanza

Chukua hiyo karatasi iliyokutoa jasho, iwe barua ya TRA, wito wa mahakama, notisi ya mwenye fremu, chochote, angalia umeipokea lini na uandike hiyo tarehe kwa peni pale juu kwenye kona. Kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo.

Makadirio ya kodi ambayo hukubaliani nayo una siku 30 tu za kuweka pingamizi kwa maandishi TRA, na sheria inataka ulipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi ambacho hukibishii, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kama huna uwezo wa hiyo theluthi unaweza kuomba Kamishna akupunguzie au akusamehe, ila kwa maandishi na sababu, na mapema, kabla hizo siku hazijaisha. Wengi wanaenda kupiga stori na afisa dirishani wiki tatu wakidhani wanapinga, kumbe kisheria hawajapinga chochote.

Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo usiyoridhika nayo, siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Mfanyakazi uliyemfukuza naye ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, kwahiyo hata miezi ya mwanzo ikipita kimya usichome karatasi zake, anaweza kuwa ashafungua huko au akaomba aongezewe muda. Deni la mkataba lina nafasi zaidi, miaka 6, ila miaka 6 hiyo isikudanganye maana mdaiwa anahama, simu inabadilika, shahidi anarudi kwao Manyoni na humpati tena.

Kama siku zimebaki chache, ukifika kwa mshauri sentensi yako ya kwanza iwe hiyo. "Nimebakiza siku nne." Utashangaa foleni inavyosogea.

Hatua ya 2: Jua shida yako ni ya mlango gani

Hapa ndo pana kazi, na ndo sehemu watu wanapotezea nauli. Sio kila shida ya biashara inaenda mahakamani, na nyingine ukizipeleka mahakamani moja kwa moja zinatupwa.

Tuanze na pango la fremu, maana Dodoma tangu serikali ihamie bei za fremu zimekuwa balaa na wenye nyumba nao wamejua. Kesi ya kawaida ni hii: mlikubaliana kwa mdomo miezi sita, mwezi wa nne anakuja kusema kapata mtu wa bei ya juu, ukikataa asubuhi unakuta kufuli lake juu ya kufuli lako na mzigo wako uko ndani. Usivunje. Piga picha hayo makufuli mawili, mwite mwenyekiti wa mtaa aje aone, andika orodha ya vitu vilivyomo ndani mkiwa naye hapohapo na aweke saini na tarehe. Hiyo karatasi ya mwenyekiti itakusaidia kuliko maneno ya saa nzima. Mgogoro wa kutolewa kwenye fremu ukikomaa unaweza kuishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na tangu sheria ibadilishwe 2021 unatakiwa upitie kwanza Baraza la Kata, ambalo sa hivi linasuluhisha tu, halitoi hukumu tena. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30 unaruhusiwa kusonga mbele. Ila kama mwenye nyumba anakudai hela tu au we ndo unamdai akurudishie kodi ya miezi iliyobaki, hilo linaweza kuwa deni la kawaida na likaenda kwingine, kwahiyo swali la kumuuliza mshauri ni hili: "hii yangu ni ya ardhi au ni ya deni?" Muulize hivyohivyo.

Alafu kuna kitu wapangaji wengi hawakijui. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Mkataba ambao haujalipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini yake. Kwa fremu ya laki moja kwa mwezi hiyo stempu ni elfu 12 kwa mwaka mzima. Lipa.

Madeni. Umekopesha mteja, amegoma. Madai ya hela yanayotokana na makubaliano, yasiyozidi milioni 30, Mahakama ya Mwanzo inayasikiliza, na pale mambo yote ni Kiswahili na watu wengi wanajisimamia wenyewe bila wakili, kwahiyo unachohitaji zaidi ni mtu wa kukusaidia kupanga madai yako vizuri. Watu wanapenda kukimbilia polisi wamkamate mdaiwa. Deni ni la madai, polisi sio wakusanya madeni, isipokuwa kama alikuibia kwa udanganyifu tangu mwanzo, mfano alikuonyesha meseji feki ya muamala akabeba mzigo, hiyo ni jinai na polisi ndo pake. Na ukiwa we ndo mdaiwa, mtu akakupeleka kituoni kwa deni la kawaida ukasainishwa karatasi kwa vitisho, hiyo nayo nenda nayo kwa mshauri siku hiyohiyo.

Mikopo kausha damu sasa. Hii imewamaliza akina mama wengi sana, Chang'ombe, Majengo, Nkuhungu, kote. Swali la kwanza kabla ya yote: aliyekukopesha ana leseni ya Benki Kuu (BoT)? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, na orodha ya wenye leseni BoT wanaiweka kwenye tovuti yao. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, BoT imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, sasa wewe unakatwa asilimia 20 au 30 kwa wiki mbili, hapo una hoja. Mikopo ya kwenye simu ni hivyohivyo, Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Kama programu imewatumia meseji za kukudhalilisha watu waliopo kwenye simu yako, mpaka mchungaji na mkwe, hilo ni suala lingine tena, ni la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria yake ipo tangu 2022. Lipeleke kivyake, piga skrinshoti za wale waliotumiwa. Na usiache kulipa ile hela halisi uliyopokea kwa sababu tu mkopeshaji hana leseni, hapo watu wanajidanganya.

Kodi nishaigusa. Niongeze tu kwamba kama kinachokuuma ni huduma mbovu au utaratibu kukiukwa, mfano barua zako hazijibiwi au umefungiwa duka bila maelezo, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, haitozi kitu. Haikokotoi upya kodi yako, inashughulika na namna ulivyotendewa. Na ujue mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kwenye ule mfumo wa makadirio hayana kodi ya mapato, TIN yenyewe ni bure, mtu akikuuzia TIN kakupiga.

Mgambo na halmashauri. Vitu vimebebwa kwenye gari, ndizi zinaivia ofisini kwao. Hapa mimi ushauri wangu ni mazungumzo kwanza, fasta, kwa sababu kuishtaki serikali, na tangu 2020 halmashauri imo humo, unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 na kesi inaenda Mahakama Kuu. Siku 90 kwa nyanya! Dai siku hiyohiyo karatasi ya kukamatwa mali yenye orodha ya vitu na kifungu cha sheria ndogo ulichovunja, na risiti ya faini kwa namba ya malipo ya serikali, sio hela mkononi. Msaidizi wa kisheria akiongozana na wewe mpaka kwa afisa biashara au kwa mwanasheria wa Jiji mambo mengi yanaisha mezani pale.

Mfanyakazi akikushtaki CMA, nenda. Hilo tu. Usipotokea siku ya usuluhishi wanaruhusiwa kuamua shauri bila wewe, na dada wa duka uliyekuwa unamlipa bila mkataba wa maandishi anaondoka na tuzo ambayo ungeweza kuijadili. CMA hawatozi ada ya kufungua shauri, na huhitaji wakili kuingia.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi, hata zile unazoziona za kijinga

Nimeshaona daftari la muuza mahindi wa Kibaigwa, lile la mistari lenye jalada limeng'oka, ukurasa umeandikwa "12/6 gunia 40 fuso nyeupe, kalipa 1m, bado", pembeni kuna doa la mafuta na hesabu za hela ya kula. Mwenyewe alikuwa anaona aibu kulitoa. Mshauri akaliangalia akasema usilitupe hili, usiandike kitu kingine juu yake, na usichane huo ukurasa, lilete lote zima. Kwa sababu daftari linalotembea siku kwa siku, lenye mauzo ya watu wengine kabla na baada, linaaminika kuliko karatasi moja safi iliyoandikwa jana.

Na ndo hivyo kwa kila kitu. Makubaliano ya mdomo kwa sheria yetu ya mikataba yanakubalika, shida ni kuyathibitisha tu. Meseji na wasapu zinapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila usifute mazungumzo na usiuze hiyo simu, skrinshoti peke yake mtu anaweza kuikana. Miamala ya hela nenda kachukue taarifa ya akaunti yako kutoka mtandao wa simu au benki, usitegemee meseji za simu, simu inaibiwa pale stendi ya Jamatini mchana kweupe.

Beba kitambulisho cha NIDA au namba yake, leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali kama unacho, cheti cha jina la biashara kama ulisajili BRELA, mkataba, risiti, barua zote mlizoandikiana. Kopi mbili mbili. Orijino usimwachie mtu yeyote, hata awe na sura ya upole namna gani, mwonyeshe, arudishe, abaki na kopi.

Leseni huna? Nenda hivyohivyo, usiogope, mshauri sio mgambo. Ila mwambie ukweli mapema maana upande wa pili utalitoa hilo siku mbaya. Na ukitulia leseni ya halmashauri siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, na jina la biashara BRELA kwa mtandao ni kama elfu 20, sio gharama ya kukufanya uishi unajificha.

Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja

Hii hatua hamna anayeifanya na ndo inayookoa muda kuliko zote. Karatasi moja, upande mmoja, tarehe kwa tarehe, bila matusi na bila "Mungu ndo anajua". Mfano:

"Mimi ni muuza nafaka Kibaigwa. Tarehe 12/6 nilimpa mteja wangu magunia 40 ya mahindi, tulikubaliana sh 70,000 kwa gunia, jumla 2,800,000. Siku hiyo alilipa 1,000,000 kwa simu. Salio 1,800,000 alisema atalipa ndani ya wiki tatu. Tarehe 5/7 aliomba nimuongezee muda, meseji ipo. Tangu 20/7 hapokei simu. Waliokuwepo ni kuli aliyepakia na jirani yangu wa soko. Ninachotaka ni salio langu 1,800,000."

Basi. Ona mstari wa mwisho. Watu wanafika pale wanaeleza nusu saa, ukiwauliza sasa unataka nini wanasema nataka haki yangu. Haki ipi? Hela? Muda wa kuhama? Mzigo urudishwe? Riba ipunguzwe? Andika kiasi, andika kitu. Kama uko tayari kulipwa kidogo kidogo andika na hilo, maana mshauri mzuri atajaribu kwanza kumpigia simu huyo mtu au kumwandikia barua ya madai, na barua ya madai yenye kiasi na siku maalumu za kulipa imeshamaliza madeni mengi bila kesi.

Hatua ya 5: Milango yenyewe hapa Dodoma

Wa karibu zaidi ni wasaidizi wa kisheria, wale watu wanawaita paralegal, wapo mpaka wilayani Kongwa, Bahi, Chamwino, Mpwapwa, Kondoa huko. Sio mawakili, hawawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako, kazi yao ni kukuelimisha, kukusaidia kupata na kuandaa nyaraka, kuwashauri mpatane na kukuelekeza sehemu sahihi, na sheria inawakataza kukutoza hata mia. Huwajui walipo? Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, muulizie Msajili Msaidizi wa watoa msaada wa kisheria, kwa kawaida ni afisa maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii, yeye ndo anawajua waliosajiliwa. Mtendaji wa kata naye mara nyingi anajua.

Ikihitaji mwanasheria kamili, mjini kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, wana ofisi Dodoma. Akina mama wenye biashara wajaribu TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao wapo hapa. Chama cha mawakili, TLS, kina tawi la Dodoma na mawakili wake huwa wanachukua baadhi ya kesi bila malipo, hapo uliza kwa unyenyekevu na uwe na ule ukurasa wako mmoja. Kwa upande wa serikali, Msajili mwenyewe wa watoa msaada wa kisheria yupo Wizara ya Katiba na Sheria kule Mtumba, ila kwa shida ya kawaida usianzie huko, ni mbali na watakurudisha wilayani tu. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo imekuwa ikipita mikoani na kwenye kata kwa siku chache chache, ikitangazwa kwenu funga genge siku moja uende, wanakuwa wamekaa mawakili na maafisa wa serikali sehemu moja na hiyo haitokei kila mara.

Kingine ambacho wa Dodoma tunacho kwa urahisi ni Wiki ya Sheria, kila mwisho wa Januari kabla ya Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Mahakama wamekuwa wakiweka mabanda Viwanja vya Nyerere Square, unaingia bila kulipa, unaongea na hakimu, wakili, mtu wa kodi, wote kwenye jua moja. Kwa swali la haraka ambalo sio kesi bado, hapo ni pazuri mno.

Hatua ya 6: Siku ya kwenda

Pita kwanza kwa mtendaji wa mtaa au kata akuandikie barua kwamba anakufahamu, unafanya biashara ndogo gani na hali yako. Sio kila ofisi inaidai ila ukiwa nayo wanakuelewa haraka, maana watakuuliza tu kipato. Usijikweze na usijishushe. Kuna mtu anaingia kavaa suti ya kuazima akidhani ataheshimiwa, ukimuuliza mauzo kwa siku anataja laki mbili ili aonekane wa maana, anaambiwa basi wewe una uwezo tafuta wakili. Sema mauzo, alafu sema faida, ni vitu viwili tofauti na washauri wengi hawajawahi kuuza vitunguu.

Nenda asubuhi, katikati ya wiki kama inawezekana, Jumatatu foleni ni ya watu waliogombana wikendi. Mazungumzo yenyewe huwa yanaenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu ukae. Shida ni nini?"
"Mwenye fremu kanipa notisi ya siku saba, nimebakiza siku nne, na nimelipa mpaka Desemba. Hii hapa risiti, na hapa nimeandika mtiririko wote."
"Risiti ina jina lake?"
"Haina, ila hela ilienda kwenye namba yake, taarifa ya simu hii hapa."

Dakika tano mmeshafika kwenye jambo. Sasa fikiria yule anayeanza na "mama we acha tu, huyu mzee mimi nimemsaidia sana".

Kabla hujanyanyuka uliza mambo haya na uandike majibu: hatua inayofuata ni ipi, nani anaifanya, mimi au nyie, na mwisho lini. Chukua jina la anayekuhudumia na namba ya jalada lako kama wamefungua.

Hatua ya 7: Bure inaishia wapi

Ushauri ni bure, kuandikiwa barua na nyaraka ni bure, kusuluhishwa ni bure. Kusimamiwa na wakili mahakamani inategemea uzito wa shida yako na idadi ya mawakili walionao, na hapo wengi wanaambiwa subiri. Ada ya kufungua kesi ni ya mahakama, haiingii kwenye huo ubure moja kwa moja, uliza kama unaweza kuiombea msamaha. Nauli, kopi na chakula cha shahidi wako ni juu yako. Mtu akishakueleza hivyo usikasirike, hajakuibia.

Anayekuibia ni kishoka. Hao mawakili vishoka utawakuta maeneo ya karibu na mahakama na kwenye vibanda vya kuchapa barua, ana begi jeusi, anaongea Kiingereza kidogo, anakwambia anamjua hakimu na anataka elfu 50 ya kuanzia. Kumjua ni rahisi: mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwenye mtandao, andika jina lake, kama ni wakili utaliona na utaona kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Msaidizi wa kisheria naye muombe kitambulisho na jina la taasisi yake, alafu ulizia kwa Msajili Msaidizi kama wamesajiliwa. Aliyesajiliwa akikuomba hela ya huduma, mripoti hukohuko kwa Msajili Msaidizi, hilo ni kosa.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Piga simu siku mliyokubaliana, sio kila siku na sio baada ya miezi mitatu. Ukipata barua mpya yoyote kutoka upande wa pili ipeleke ndani ya siku mbili kabla ya kuijibu, na usisaini chochote unayedaiana naye au mwenye nyumba atakachokuletea gengeni jioni wakati wateja wamejaa, mwambie aache kopi utasoma. Mkifikia makubaliano kwa mazungumzo, yaandikwe, kila mmoja asaini, mashahidi wawili, na kila malipo yapite kwenye simu au benki na neno la sababu, "deni mahindi Juni", ili hata akiisha nguvu katikati ujue kalipa ngapi.

Ukiona ofisi uliyoenda imekaa na faili lako na siku zako zinaisha, waambie kwa maandishi kwamba tarehe ni fulani, chukua kopi zako, nenda mlango mwingine kati ya hiyo niliyotaja, hamna sheria inayokufunga kwa mtoa msaada mmoja. Na mwombe wa kwanza akuandikie kwamba anakuhamisha, ile barua ya kukuhamisha inamfanya wa pili asianze upya kukuuliza ulizaliwa wapi.